Basi la Nyayo Lilikwenda Wapi? Hesabu ya Gari kwa Vikundi



Kikundi kimoja cha upande wetu wa Nyatike, si mbali na Macalder, kilituita kwenye mkutano wake. Ni kikundi cha akina mama wengi na wazee wachache, watu wa omena, mahindi na mboga. Wameweka akiba miaka minane, na sasa kitabu cha benki kinaonyesha pesa ambazo si za kuchezea. Wanataka kununua gari la abiria la kwenda Migori na kurudi. Sababu yao mtu yeyote wa huku anaijua. Siku ya soko unakaa steji na beseni lako mpaka jua linakuwa kali. Gari likija limejaa. Makanga anakutoza nauli yako, halafu anakutoza na ya beseni. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na ukiuliza kwa nini, unaambiwa ushuke.

Katika mkutano huo mama mmoja aliinuka akasema, "Mwalimu, gari ikiwa yetu, sisi wanachama tutalipa nusu nauli. Kama ni kulipa sawa na wengine, tumeinunua ya nini?" Akapigiwa makofi. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango alingoja makofi yaishe, kisha akasema polepole, "Mama, mimi nilikuwa nikipanda Nyayo Bus huko Nairobi. Nauli ilikuwa rahisi na basi lilikuwa safi. Liko wapi leo?"

Watu walicheka. Lakini hakuna aliyemjibu, hata sisi wageni tulioitwa kutoa ushauri. Tumelifikiria swali lake tangu siku hiyo, kwa sababu kikundi hicho kinataka kufanya kwa gari moja kile ambacho serikali ilitaka kufanya kwa mabasi mengi. Kama serikali ilishindwa, ni vizuri kujua ilishindwa wapi kabla akiba ya miaka minane haijatoka benki.

Nyayo Bus ilikuwa nini?

Kwa vijana ambao hawakuyanywa maziwa ya Nyayo shuleni, tueleze kidogo. Mabasi ya Nairobi kwa miaka mingi yalikuwa mkononi mwa kampuni moja, Kenya Bus Service, au KBS kama watu walivyoizoea. Ilianza mwaka 1934 ikiwa mali ya Waingereza. Mwaka 1966 baraza la jiji lilipewa robo ya hisa, na kampuni ikapewa haki ya kubeba abiria wa jiji peke yake. Peke yake ilikuwa kwenye karatasi tu. Magari madogo yalikuwa tayari yakibeba watu kwa sarafu tatu za senti kumi, na hapo ndipo lilipotoka jina la matatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta akayaruhusu kubeba abiria bila leseni maalum, na tangu siku hiyo hayakurudi nyuma.

Mwaka 1986 serikali ya Rais Moi ikaanzisha mabasi yake yenyewe, Nyayo Bus Service. Kazi ilianzia chini ya vijana wa NYS. Mabasi mengi yalikuwa ya msaada, yaliyoletwa na nchi zaidi ya moja za Ulaya. Waliolipanda basi hilo wanalikumbuka kwa wema: wafanyakazi wenye sare na adabu, na nauli ambayo mtu wa mshahara mdogo aliiweza. Basi halikungoja lijae ndipo liondoke. Baadaye likafanywa shirika la serikali lenye bodi na wakubwa wake.

Haikupita miaka kumi. Katikati ya miaka ya 1990 shirika lilikuwa limekwisha, na mabasi mengi yamelala uwanjani bila matairi, bila injini, majani yakiota chini yake.

Ukimuuliza mtu yeyote wa umri wetu, atakujibu kwa neno moja: waliiba. Hatutakataa. Usimamizi ulikuwa mbaya na pesa zilivuja, hilo si siri. Lakini jibu hilo linaturidhisha haraka mno. Linatufanya tuamini kwamba sisi, kwa kuwa tunajuana na tunaombeana, hayatatupata. Haya basi, tuseme makondakta wote wa Nyayo wangekuwa malaika. Tuseme kila senti ingefika ofisini. Je, basi lingeishi? Hapo ndipo tunahitaji kalamu na karatasi.

Hesabu ya siku moja

Hesabu hii ni ya mfano. Usichukue bei zetu kama bei za dukani. Weka zako, kwa maana dizeli yenyewe inatangaziwa bei mpya na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi.

Tuseme kikundi kimenunua basi dogo la viti 25 kwa shilingi 2,400,000. Linakwenda Migori mara mbili kwa siku na kurudi mara mbili, yaani safari nne. Nauli ni shilingi 150. Viti ni 25, lakini safari ya kwenda asubuhi hujaa na ya kurudi huwa nusu tupu, kwa hiyo tuseme kwa wastani ni abiria 16 kila safari. Abiria 16 mara nne ni 64. Mara 150 ni shilingi 9,600 kwa siku.

Sasa toa matumizi. Dizeli 3,600. Dereva na makanga 2,000. Pesa za steji na za Sacco 600, maana siku hizi gari la abiria haliruhusiwi kutembea peke yake, lazima liwe ndani ya Sacco au kampuni. Kuosha, oili ya kuongeza, pancha na vitu vidogo vidogo 400. Jumla ni 6,600. Jioni mweka hazina anapokea shilingi 3,000 mkononi.

Hapa ndipo vikundi vingi hufunga daftari na kuimba. Shilingi 3,000 kwa siku, siku 25 za kazi kwa mwezi, hiyo ni 75,000! Mwaka mmoja ni 900,000! Watu wanaanza kugawana.

Lakini gari lina madeni mengine ambayo hayaji kudai jioni. Bima na leseni hudai mara moja kwa mwaka, na tukisema ni 150,000, basi kila siku ya kazi katika siku 300 za mwaka inadaiwa 500. Matairi, breki, springi na injini hudai wakati wowote, na barabara zetu unazijua. Tuweke 900 kwa siku, na fundi atatuambia tumeweka kidogo.

Deni la mwisho ndilo watu hawalioni kabisa. Gari linakufa. Tuseme litafanya kazi miaka minane, kisha tutaliuza kwa 480,000 kwa mtu wa vyuma. Kwa hiyo katika miaka hiyo minane limepoteza 1,920,000. Hiyo ni 240,000 kwa mwaka, 20,000 kwa mwezi, na kwa kila siku ya kazi ni 800. Wahasibu huita uchakavu. Sisi tunaweza kusema hivi: kila jioni gari linapolala, limebaki dogo kwa shilingi 800 kuliko lilivyoamka, hata kama rangi yake bado inang'aa.

500 na 900 na 800 ni 2,200. Kutoka zile 3,000, faida ya kweli ni shilingi 800 kwa siku. Na kama nusu ya bei ya gari ilikuwa mkopo, riba bado hatujaitoa.

Watu wa Macalder wana mfano wao wa jambo hili. Mgodi wa shaba na dhahabu uliojenga mji wetu ulikuwa na mishahara, nyumba za wafanyakazi na taa, na kila siku ulikuwa ukila mwili wake wenyewe. Ulipofungwa miaka ya 1960, hapakuwa na kitu kilichowekwa pembeni kwa ajili ya waliobaki. Mgodi hauna budi kuwa hivyo, maana shaba haioti tena. Gari si mgodi. Linaweza kuzaa gari lingine, ila tu zile 800 ziwekwe.

Nauli ikipunguzwa, nani anaona?

Sasa tuguse kile kilichoiua Nyayo Bus, na mashirika mengine ya aina yake. Tuseme mkubwa mmoja anasema nauli ni ghali, ishuke kutoka 150 hadi 130. Ni shilingi 20 tu. Abiria 64 mara 20 ni 1,280. Jioni mweka hazina hapokei 3,000 tena, anapokea 1,720.

Angalia vizuri. Bado anapokea pesa! Dizeli imelipwa, dereva amelipwa, na kuna 1,720 mezani. Hakuna atakayepiga kelele. Mkubwa anapigiwa makofi, abiria wanafurahi, gari linatembea. Lakini tulisema madeni yasiyodai jioni ni 2,200. Kwa hiyo kila siku kikundi kinapoteza 480 bila kuona. Mwaka wa kwanza gari ni jipya, halisumbui. Mwaka wa pili unaahirisha matairi. Mwaka wa tatu unachukua betri ya gari moja unaweka katika lingine. Mwaka wa nne au wa tano gari linasimama, na hapo ndipo watu wanaanza kutafuta mwizi.

Ikiwa nauli haikushushwa bali imeachwa palepale wakati dizeli na spea zinapanda, ni jambo lilelile. Nauli iliyogandishwa ni nauli inayoshuka.

Nyayo Bus ilikuwa na shida ya ziada: mabasi yake mengi yalikuwa zawadi. Tunajua hili linasikika vibaya, maana nani hukataa zawadi? Lakini mtu aliyenunua basi kwa jasho lake anajua bei yake, anaamka usiku akiiwaza. Aliyepewa huandika sifuri. Akiona dizeli na mishahara vimelipwa anadhani hesabu imetoka sawa, na nauli rahisi inaonekana ni huruma, kumbe ni lile basi linaliwa. Basi likifa, bei ya lingine haijawekwa popote, na kinachobaki ni kumrudia mfadhili.

Tena zawadi haichagui. Mabasi yakitoka nchi mbalimbali, spea nazo ni za nchi mbalimbali. Gia boksi ya hili haiingii katika lile. Stoo inajaa vitu, na kile unachokitafuta hakipo. Miaka hiyo hata pesa za kigeni za kuagizia spea zilikuwa za kuombea kibali. Vikundi vilivyopewa pampu ya maji ya aina ambayo haiuzwi Migori wala Kisumu vinaelewa tunasema nini.

KBS, ambayo ilikuwa ya biashara, iliendelea kununua mabasi mapya kutokana na nauli kwa zaidi ya miaka hamsini. Hatuisifu kupita kiasi. Mwaka 1991 kampuni ya Stagecoach ya Uingereza ilinunua sehemu kubwa ya hisa zake, na mwaka 1998 ikauza na kuondoka, matatu yakiwa yamechukua abiria. Miaka ya 2000 ikaanguka kwa namna yake. Lakini ilikufa mzee, Nyayo Bus ilikufa mtoto.

Jirani zetu nao

Ukivuka Isebania kuingia Tanzania utapata hadithi inayofanana. Huko serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaigawa: UDA kwa mabasi ya mjini, KAMATA kwa mabasi ya kwenda mikoani. Nauli iliamuliwa na serikali na ilikaa chini, kwa sababu ilikuwa siasa ya kumsaidia mfanyakazi. Spea zilihitaji pesa za kigeni, na pesa hizo zikaisha. Mabasi yakapungua mwaka hadi mwaka, watu wakaning'inia milangoni, na mwaka 1983 serikali ikakubali magari ya watu binafsi. Ndiyo daladala. Jina lilitokana na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Abiria waliokuwa na basi la bei rahisi lisilokuja walikubali kulipa zaidi kwa gari linalokuja.

Hata mradi mkubwa wa mabasi ya mwendo kasi, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2016, umepita njia hiyohiyo kwa sehemu. Barabara maalum zilijengwa, vituo vikajengwa, na mabasi 140 yakaanza kazi. Kisha karakana ikawa inafurika maji pale Jangwani, mabasi yakaharibika, na mapya hayakuja kwa kasi ya abiria. Barabara nzuri ilikuwapo. Kilichokosekana ni mabasi ya kupita juu yake.

Na sisi Kenya hatukuacha. Mwaka 2018 mabasi ya NYS yalionekana tena Nairobi yakibeba watu kwa nauli ndogo kuliko ya matatu. Tulipoyaona kwenye televisheni, mzee wetu wa mlangoni angeweza kuuliza swali lake palepale.

Je, basi la serikali ni kosa?

La. Hatutaki msomaji aondoke na wazo hilo, maana kuna kazi ambayo mtu wa biashara hataifanya, na hatuwezi kumlaumu. Matatu linakwenda penye watu. Alfajiri kuelekea Migori litakuja, siku ya soko litakuja. Lakini mto Kuja ukifurika na njia za chini zikawa tope, au saa tatu usiku mama mjamzito akitaka kufika hospitali, mwenye matatu anapiga hesabu yake na kulala. Ndiyo maana wananchi huiomba serikali ilete basi. Wanaomba gari linalokuja hata kama halijajaa.

Basi linalotembea bila kujaa lina gharama, na gharama hiyo lazima mtu ailipe. Kama abiria hailipi, hazina ya serikali iilipe, na iilipe kila mwezi, kwa kiasi kilichoandikwa. Malipo hayo huitwa ruzuku. Huko London mabasi karibu yote yanaendeshwa na makampuni ya watu binafsi, lakini mamlaka ya jiji ndiyo inayopanga njia, saa na nauli. Kampuni inalipwa kwa kuifanya safari, iwe basi limejaa au lina watu watatu. Tajiri anaweza, utasema. Lakini Rwanda si London. Serikali yake ililipia sehemu ya nauli za mabasi tangu mwaka 2020, na ilipoona mzigo umezidi ikaondoa malipo hayo Machi 2024, nauli zikapanda. Watu waliumia, ndiyo. Ila angalau kila mtu alijua ni kiasi gani kilikuwa kikilipwa, na nani, na siku gani kimekoma.

Nyayo Bus na UDA zilipewa kazi ya ruzuku bila ruzuku. Ziliambiwa ziwe rahisi kama zawadi na zijitegemee kama duka. Kwa hiyo safari mtu akija hapa wakati wa kampeni akaahidi basi la kaunti, msimuulize litakuwa na rangi gani. Mwulizeni: nauli ikiwa ndogo, tofauti italipwa kutoka fungu gani, na litakapokufa, la pili litanunuliwa na nani? Akiwa na jibu, mpigieni makofi.

Kurudi kwa wanachama na nusu nauli

Tulikirudia kile kikundi na karatasi yetu. Tuliandika hesabu ubaoni, kidogo kidogo, na mweka hazina akaisoma kwa Dholuo ili kila mtu afuate. Tulipofika kwenye zile 800 za faida, tulimgeukia yule mama wa nusu nauli.

Nusu nauli ni punguzo la shilingi 75. Tuseme kati ya abiria 64 wa siku, wanachama ni 20. Ishirini mara 75 ni 1,500. Faida ni 800. Kikundi kimepungukiwa shilingi 700 kwa siku, 17,500 kwa mwezi, na hazitaonekana kwa sababu zitatoka ndani ya tairi na bima.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya siku hiyo: "Basi punguzo gani gari inaweza kubeba?" Tukagawa. Mia nane kwa wanachama 20 ni shilingi 40. Wakitaka, wanachama wanaweza kulipa 110 badala ya 150, na gari litaishi, lakini mwisho wa mwaka hakutakuwa na faida ya kugawana hata shilingi moja. Au walipe 150 kama watu wengine, wakatiwe risiti, na mwisho wa mwaka zile 240,000 zigawanywe kulingana na risiti za kila mmoja. Njia hii ya pili ina uzuri wake. Kama mwaka ulikuwa mbaya, kwanza linatengenezwa gari, kisha ndipo wagawane kilichobaki, kama kimebaki. Mwenye kusafiri sana anapata zaidi, na asiyesafiri hambebi mwenzake.

Hapo wakaanza kubishana, na tuliwaacha wabishane. Mwanachama mmoja ambaye hafanyi biashara Migori alisema kwamba yeye hajapanda gari tangu Krismasi, lakini akiba yake imo, kwa nini amlipie mwingine nauli? Mwingine akasema risiti zitapotea. Kijana wa kikundi akasema kila mtu alipe kwa simu kwenye namba ya kikundi, maana M-Pesa haisahau. Mzee wa mlangoni akacheka akasema makanga atapata njia tu. Tunakumbuka kwamba mwaka 2014 serikali yenyewe ilijaribu kulazimisha kadi katika matatu zote, na haikufika mbali.

Jambo moja walikubaliana bila kelele. Pesa za gari lijalo zisikae katika akaunti moja na pesa za kila siku. Waliandika katika kumbukumbu ya mkutano kwamba, gari likinunuliwa, kila Jumatatu mweka hazina atapeleka sehemu ya uchakavu kwenye akaunti ya pili, na akaunti hiyo haitafunguliwa kwa matanga, karo wala mkopo wa mwanachama bila sahihi tatu na mkutano mkuu. Mmoja alitaka iandikwe "wala kwa mgeni wa siasa". Ikaandikwa.

Gari bado hawajalinunua. Mfano wetu wa abiria 16 ulikuwa wa kubuni tu, na waligundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuhesabu. Wakateua watu watatu wakae steji kwa zamu wiki mbili, tangu alfajiri mpaka jioni, na daftari, waandike kila gari limebeba wangapi kwenda na wangapi kurudi. Walituonyesha kurasa za wiki ya kwanza. Asubuhi ya siku ya soko magari manne yaliondoka yamejaa pomoni, na watu kumi na wawili wakabaki steji. Siku iliyofuata, saa tano, gari moja lilirudi kutoka Migori na abiria watano na mbuzi mmoja. Mbuzi alilipiwa hamsini.